Mguu wa Ukurasa wa Thelathini na Nane

Jobaida Khanam alikata picha kwa miaka kumi na tisa, na miaka kumi na mmoja kati ya hiyo mimi nilikaa kiti cha kushoto kwake. Ninayoyasimulia hapa sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona, na mengine niliyafanya mimi mwenyewe.

Ofisi yetu iko mtaa wa Mirpur, orofa ya nne, juu ya duka la mapazia. Chini kuna kelele za riksho na wauza mboga. Juu kuna kelele moja tu, ya vidole vinavyobonyeza mausi ya kompyuta. Picha zinatujia kutoka Ulaya: viatu, taa, masufuria, viti. Kila kitu kimepigwa picha mahali fulani, sakafuni au mbele ya ukuta, na mwenyewe anataka kibaki peke yake, bila sakafu wala ukuta, ili akichape kwenye karatasi ya rangi aitakayo. Basi sisi tunakizungushia mstari. Unaweka nukta kwenye ukingo wa kiatu, unasogea kidogo, unaweka nyingine, unauvuta mstari upinde kama kiatu kinavyopinda, mpaka urudi ulikoanzia. Kisha unafungua kiatu cha pili.

Mama mkwe wake Jobaida hakuielewa kazi hii hata siku moja. Alimuuliza, "Na hizo nyuma za picha mnazozikata, mnazitupa wapi?"

"Mtoni Turag, mama," Jobaida akamjibu, amechoka kueleza. "Huoni maji yalivyochafuka?"

Yule bibi akaamini. Kila akivuka daraja alikuwa anasonya na kusema mkwe wake na wenzake wanaharibu mto wa watu.

Jobaida alianza mwaka 2006, akiwa na miaka ishirini na mbili, baada ya kukosa nafasi ya ualimu mara mbili. Aliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, wanatafutwa watu wenye macho mazuri na mkono mtulivu. Akaenda. Alimkuta Kaka Enamul, ambaye ndiye mwenye ofisi mpaka leo, ana kompyuta tatu ndani ya banda la gari la baba mkwe wake. Skrini zilikuwa nene kama kasha la nguo. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika kila saa, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Jobaida aliniambia kuna kinara cha taa alikikata mara nne, vishada vya kioo vyote, na mara ya nne alikuwa analia huku anakata.

Nilipoingia mimi, yeye ndiye aliyenifundisha. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alikaa nyuma yangu, akaangalia kikombe nilichokikata kwa saa nzima, akasema, "Nukta mia moja na arubaini kwa kikombe? Unashona au unakata?"

"Naogopa kukosea, dada."

"Woga ndio unaokukosesha. Kikombe kina mpindo mmoja mkubwa na miwili midogo. Nukta kumi na mbili zinatosha. Futa."

Nikafuta. Alinifundisha pia kwamba mstari haupiti juu ya ukingo, unapita ndani yake kwa unywele mmoja. Kwenye skrini kosa linajificha. Kwenye karatasi halijifichi, linatokea kama uzi mweupe uliozunguka kitu chote, na mtu akishauona uzi ule hawezi tena kukiona kile kitu. "Wewe kata kama vile kuna mtu ataishika karatasi na kuisogeza puani," alisema. Kazi za kuchapwa zilikuwa zake. Za kwenye mtandao tulifanya sisi wengine.

Ukitaka kujua alikuwa mkataji wa namna gani, nitakwambia habari ya kiti cha henzirani. Kililetwa kiti kimesukwa mgongoni na ubavuni, na kila tundu la msuko lilitaka mstari wake, maana kupitia kila tundu ulionekana ukuta wa nyuma. Tuliyahesabu matundu yakafika mia nne na kumi na sita. Masum, kijana wetu wa mizaha aliyekaa dirishani, akasema kiti hicho kipelekwe polisi. Jobaida alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akaanza tundu la kwanza. Alimaliza siku ya pili baada ya adhuhuri. Alisimama, akaenda kuswali, aliporudi akafungua picha iliyofuata, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya kiti kilekile kwa upande wa nyuma. Nikamsikia anavuta pumzi, basi.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kulalamika, na nadhani hilo ndilo lililomponza.

Miaka mitatu iliyopita Kaka Enamul alileta programu inayokata picha yenyewe. Unaitupia picha mia, unakwenda kunywa chai, ukirudi zimekatwa. Tulikuwa watu arubaini. Baada ya mwaka tulibaki kumi na wanne. Walioondoka hawakufukuzwa kwa makelele, waliitwa mmojammoja, wakarudi wanakusanya makopo yao ya chakula. Tuliobaki tulihamishiwa kazi za kuchapwa, kwa sababu wachapaji bado walitaka mstari wa kweli na programu ilikuwa haijaweza kuuchora vizuri. Kwa hiyo yenyewe ilikata kwanza, sisi tukawa tunapita nyuma yake kurekebisha.

Watu wakisikia hivyo wanadhani kazi ilipungua uzito. Si kweli. Unapokata mwenyewe, jicho na mkono vinakwenda pamoja na akili inapumzika kidogo. Unaporekebisha, unatafuta kosa ambalo hujui liko wapi. Programu haikosei kama mtu. Inaweza kukata manyoya ya paka unywele kwa unywele, kisha ikala sikio zima. Na idadi ya picha za siku ilipandishwa mara tatu, kwa sababu, alisema Kaka Enamul, nusu ya kazi imeshafanywa.

"Nusu ipi?" Jobaida aliniuliza, bila hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Mwezi Julai mwaka jana, maji ya mvua yamefurika mpaka duka la mapazia limewekewa magunia ya mchanga mlangoni, nikaona jambo. Tulikuwa tunakula mchana juu ya paa, chini ya mabati, kila mtu na kopo lake: wali, dengu, viazi vya kupondwa na pilipili na mafuta ya haradali. Jobaida akatoa kijiko.

Masum akadaka hapohapo. "Jamani, simameni! Mgeni rasmi amefika. Dada Jobaida siku hizi anakula kwa kijiko kama waziri."

"Kula chakula chako, Masum."

"Hata mkono hunawi, dada? Ndiyo ustaarabu wenyewe?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona kijiko amekishika kwa vidole viwili na kidole gumba hakifungi. Wali ulimwagika mapajani. Tulipokuwa tunashuka ngazi nikamshika begani.

"Mkono una nini, dada?"

"Umelala."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani." Aliona uso wangu, akaharakisha. "Usimwambie mtu, Lipi. Unajua hesabu ilivyo. Tuko kumi na wanne, wanatafuta wa kumwondoa tubaki kumi na watatu."

Kuanzia siku hiyo nikawa naangalia, na nikaona nilichopaswa kukiona zamani. Mausi alikuwa ameihamishia kushoto. Kila Kaka Enamul alipopita aliirudisha kulia, akaweka mkono juu yake kama pambo. Alikuwa anajifundisha upya kazi ya miaka kumi na tisa kwa mkono ambao haukuwahi kuifanya, kwa siri, huku idadi ya picha ikiwa ileile ya watu wenye mikono mizima. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ataenda baada ya kazi kubwa inayokuja.

Kazi kubwa hiyo ilikuwa ya karakana moja ya Norwe inayotengeneza viungo bandia. Walikuwa wanachapa kitabu cha bidhaa zao, kurasa mia na ishirini, nakala elfu nne: miguu, mikono, magoti ya chuma, mikanda, na picha za watu waliovivaa. Picha mia tisa kwa siku sita. Kaka Enamul alizigawa kati ya Jobaida na mimi, kwa sababu zilikuwa za kuchapwa na mteja alikuwa mpya.

Siku nne za kwanza tulikwenda vizuri. Programu ilikata, sisi tukafuata nyuma. Chuma kinachong'aa ni kigumu kwa programu, kinachukua rangi ya ukuta ulio nyuma yake, na picha zile zilipigwa mbele ya ukuta wa kijivu. Kila baada ya picha mbili au tatu kulikuwa na skrubu iliyoliwa au mkanda uliokatika. Kila mmoja wetu alitakiwa aikuze picha, autembelee ukingo wote, arekebishe, kisha aandike herufi zake mwishoni mwa jina la faili ili ijulikane nani aliikagua. Zangu LP. Zake JK.

Siku ya sita saa kumi jioni nilikuwa nimemaliza. Yeye alikuwa amebakiwa na sitini na tatu.

"Nipe thelathini," nikamwambia.

"Utaandika herufi zako na Enamul ataona. Acha."

Sikubishana naye sana. Nilikuwa nimechoka mimi pia, macho yananiwasha kama nimeingiwa na pilipili. Nilikwenda kujaza maji, nikazungumza na Masum kidogo, nikarudi. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Jobaida alikuwa anafunga kompyuta.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari," akasema, bila kunitazama.

Nilijua. Picha sitini na tatu hazikaguliwi kwa dakika arubaini na tano, hata kwa mikono mitatu mizima. Nilijua na sikusema kitu, nikachukua mwavuli wangu tukashuka pamoja.

Wiki tano zikapita. Asubuhi moja ya Jumapili, siku ya kwanza ya kazi kwetu, Kaka Enamul akatuita chumbani kwake, mimi na Jobaida. Mezani palikuwa na bahasha kubwa yenye stempu za kigeni, na kitabu kipya kinachonukia wino. Alikuwa amekifungua ukurasa wa thelathini na nane.

Ukurasa ulikuwa wa manjano, wote. Katikati amesimama msichana mwembamba, kaptula ya buluu, nywele fupi, anacheka na jua. Mguu wa kulia ni wake. Mguu wa kushoto unaishia chini ya goti, ndani ya kikombe cheusi cha plastiki cha mguu wa bandia. Chini ya kikombe hamna kitu. Ni manjano tupu, kiasi cha shubiri moja. Kisha chini kabisa, peke yake, kiatu cha michezo kimesimama.

Bomba la chuma lililounganisha kikombe na kiatu lilikuwa na rangi ya ule ukuta wa kijivu. Programu ililiona ukuta, ikalitupa pamoja na ukuta.

Kaka Enamul akachukua barua akaisoma taratibu, akitafsiri. Iliandikwa na mwanamke mwenye karakana. Hakuandika kwa matusi. Alisema mtoto anaitwa Tuva, ana miaka kumi na mmoja, ule ni mguu wake wa kwanza wa kukimbilia, na alikisubiri kitabu tangu kiangazi ili akipeleke shuleni. Alipofungua ukurasa wake alimuuliza mama yake mguu wake umekwenda wapi. Nakala elfu mbili zilikuwa zimeshatumwa. Elfu mbili zilizobaki wataziondolea karatasi ile na kuweka nyingine. Wanataka picha iliyokatwa vizuri, na mwisho waliouandika ni kesho jioni.

"Sasa sikilizeni," Kaka Enamul akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mifuko chini ya macho mikubwa kuliko yetu. "Nimeshafikiria jibu. Tutasema ni programu. Na ni kweli ni programu. Isitoshe na wao walituma kuchapwa bila kuangalia, macho yao yalikuwa wapi? Lipi, utaikata upya. Yamekwisha."

"Faili limeandikwa herufi gani?" Jobaida akauliza.

"Dada, hilo si muhimu."

"Limeandikwa JK. Programu haiandiki JK."

"Nani kule anajua JK ni nani?"

"Mimi najua." Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya chumbani mle bila kuambiwa. "Zilibaki sitini na tatu. Sikuzifungua, kaka. Niliziangalia zikiwa ndogo, zote kwa pamoja, kama mtu anavyoangalia mchele kwenye sinia, nikaandika herufi. Mkono wangu wa kulia haufanyi kazi. Una miezi saba. Huo wa kushoto ndio unaojifunza."

Kaka Enamul akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

Akajishika kichwa. Nikadhani atapiga kelele, na nusu yangu ilitaka apige. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Miezi saba. Na mimi napita hapo kila siku."

"Unapita, narudisha mausi kulia," Jobaida akasema, na nusura acheke.

Akaomba aikate yeye ile picha. Kaka Enamul akakataa, kisha akasema fanyeni mnavyotaka, ila kesho saa nane iwe imekwenda.

Tulirudi viti vyetu. Akafungua picha ya asili. Kwa mara ya kwanza tukamwona yule mtoto alivyokuwa kabla hatujamgusa: ukuta wa kijivu, mwanga kutoka dirishani, na lile bomba, jembamba, liko palepale, linang'aa, lina skrubu mbili na kibandiko cha nyota alichokibandika mwenyewe. Ukiikuza picha hakuna jicho lisiloliona. Jobaida aliangalia kibandiko kile kwa muda mrefu.

"Nyota," alisema. "Alibandika nyota."

Akavua saa akaiweka mezani. Akarudisha mausi kulia, mahali pake pa siku zote, na sikumzuia. Akaanza unyayoni. Alikata kiatu, soli, kamba, kitanzi cha nyuma. Alikuwa bado ni yeye, nukta chache, mipindo mirefu iliyolala ndani ya ukingo kama imezaliwa humo. Alipofika kwenye bomba, mstari ukaruka. Akafuta. Ukaruka tena. Kidole kilikuwa kinabonyeza chenyewe, na vingine havibonyezi. Alijaribu mara ya tatu, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, akasukuma. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mstari ukaenda kombo ukaingia hewani.

Akaiachia mausi.

"Njoo," akaniambia. "Badilishana nami."

Tukabadilishana viti. Nikaanza bomba, naye akakaa pembeni, mkono amepakata, macho karibu na skrini.

"Usifuate kivuli. Kivuli ni cha ukuta. Fuata chuma."

"Hapa sioni chuma kinaishia wapi, dada."

"Panua zaidi. Umeona ule weupe mwembamba? Huo ni mwanga wa dirisha, uko juu ya chuma. Kwa hiyo ukingo uko nje yake kidogo. Kidogo. Hapo."

"Na skrubu?"

"Skrubu izungushe kwa nukta nne. Usiipite hivihivi. Ukiipita bomba litaonekana limelainishwa."

Tulipofika kwenye mkanda wa goti ulikuwa na matundu sita, kila moja na mstari wake. Masum alikuja na vikombe viwili vya chai ya maziwa na sambusa ndani ya gazeti, akaviweka, akaangalia skrini, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Aliondoka kwa vidole vya miguu. Chai ilipoa ikafanya utando. Mara mbili umeme ulikatika na jenereta likashika, na mara zote mbili Jobaida aliuliza, "Umehifadhi?" kabla taa hazijarudi.

Tulimaliza alasiri. Tukaweka rangi ya manjano nyuma, tukamwangalia msichana kutoka juu mpaka chini, tukamwangalia tena akiwa mkubwa mpaka mguu peke yake unajaza skrini. Nikaliandika jina la faili, nikasita kwenye herufi.

"Niweke zako?"

"Weka zako. Wewe ndiye uliyekata."

"Wewe ndiye uliyenionyesha."

"Lipi, nimechoka. Weka zako, tupeleke."

Kaka Enamul alikuwa anaandika barua ya kuambatanisha. Jobaida akasimama mlangoni kwake. "Ongeza neno moja, kaka. Mwambie mtoto mguu wake haukutupwa na mashine. Ulitupwa na mtu aliyekuwa amechoka, na mtu huyo anamwomba radhi."

"Dada Jobaida, mteja hataki habari za uchovu wetu. Akisikia tumechoka atakwenda kwa wasiochoka."

"Mtoto aliuliza. Mwandikie."

Akasema sawa. Sote tulijua sawa ya namna ile. Mtu anaisema ili mlango ufungwe.

Jibu lilikuja siku ya nne, mstari mmoja: wamepokea, ukurasa uko sawa, wanashukuru. Jobaida aliposomewa akauliza, "Na mtoto?"

"Hawakusema chochote kuhusu mtoto."

"Hawakusema kabisa?"

"Hapana, dada."

Akatikisa kichwa. Siku hiyo aliomba ruhusa saa nane mchana, akaenda nyumbani. Mumewe aliniambia baadaye kwamba aliingia akakaa kitandani na viatu miguuni, akalala hivyohivyo kwa kukaa, wakamlaza wenyewe. Hakuamka mpaka adhana ya alfajiri.

Hospitalini walimwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwamba umekaa umebanwa muda mrefu mno. Walimpasua mwezi wa Oktoba. Maumivu yaliondoka, nguvu haikurudi yote. Daktari, kijana mwenye haraka, alimuuliza kazi yake ni nini, naye akasema anakata picha. Daktari akasema asikate tena.

Ile karakana ya Norwe haikutuletea kazi nyingine. Hawakugombana nasi, walinyamaza tu. Kaka Enamul alimwambia Jobaida abaki ofisini awe mkaguzi, na nadhani alimaanisha, lakini mkaguzi naye anabonyeza mausi siku nzima. Alikaa wiki tatu. Alhamisi moja akachukua kopo lake la chakula, saa yake, na mto mdogo aliouweka mgongoni, akatuaga bila hotuba. Masum alitaka kusema jambo la kuchekesha, akashindwa, akambebea mto mpaka barabarani.

Baada ya Idi nilipewa kompyuta ya Kaka Enamul niisafishe, maana ilikuwa imejaa mpaka haifunguki. Katika kufuta nikaiona ile barua, kati ya zilizokwisha kutumwa. Sikutafuta, ilikuwa mbele ya macho yangu. Mwishoni, chini ya salamu, aliongeza mistari miwili. Alikuwa ameiandika yote kama alivyoambiwa, mtoto, mguu, radhi, na neno la kuchoka amelikosea herufi. Tarehe ilikuwa ya siku ileile.

Nilikwenda kumwambia Jobaida wiki iliyofuata. Siku hizi yuko mtaa wa Fakirapul, kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule na kalenda. Kazi yake ni kusimama mezani na kuangalia karatasi zinavyotoka mashinani, kama rangi zimekaa, kama kuna uzi mweupe mahali. Anashikilia kioo kidogo cha kukuzia kwa mkono wa kushoto. Nilimkuta ana doa la wino shavuni. Mashine zinapiga kelele mpaka inabidi msemezane sikioni.

"Aliandika!" nikampigia kelele.

"Nani?"

"Enamul! Ile barua ya mtoto! Aliandika yote!"

Aliniangalia kidogo, kama anapima kama namtania. Kisha akanishika mkono akanitoa nje, kwenye uchochoro wenye marobota ya karatasi, tukaketi juu ya robota moja tukaagiza chai.

"Kwa hiyo wale walisoma," akasema.

"Walisoma."

"Wakanyamaza."

"Wakanyamaza."

Alikunywa chai yake. Nilimuuliza kazi ya hapa ikoje. Akasema wino unamuumiza kichwa, na msimamizi anamwita bibi ingawa wamepishana miaka mitano. Nikamuuliza kama anatamani kurudi. Alifikiri kabla ya kujibu, akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, ambavyo sasa vinafunga karibu vyote.

"Kuna siku naota nakata," alisema. "Ndotoni mkono ni mzima na picha haziishi. Naamka nimechoka kama nilikuwa zamuni. Mimi, Lipi, sitamani kitu siku hizi. Nataka nilale siku mbili, asiniamshe mtu."

Mtu akamwita kutoka ndani, bibi, bibi, karatasi zimeanza kutoka. Akamalizia chai, akafuta mdomo kwa ncha ya ushungi, akaingia.